Peasant, Mkulima, Mshamba: Neno Moja la Kiingereza na Uhakiki Wetu

Katika semina moja ya riwaya mwenzetu alikuwa akiwasilisha kazi yake juu ya Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi. Alizungumza vizuri tu mpaka alipofika kwenye sentensi iliyosema kwamba riwaya hii ni sauti ya mkulima. Jamaa mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kila mara hujifanya Kiswahili hakimtoshi, akauliza: mkulima yupi, farmer au peasant? Watu wakacheka. Mwasilishaji akajibu, "Peasant, bwana, si unaelewa," na semina ikaendelea.

Mimi nilibaki palepale. Kwanza, jibu lile lilitoka upesi mno. Pili, nilikumbuka fomu moja ya Kiingereza niliyowahi kuijaza, penye nafasi ya kazi ya mzazi, nami nikaandika "peasant" bila kusita, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kuandika. Mama yangu yupo Mbozi. Anajua kwamba yeye ni mkulima. Hajui kwamba kwa Kiingereza mwanawe amemwita jina jingine, na sina hakika kwamba angelikubali kama angelifafanuliwa.

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno hilo la Kiingereza, namna lilivyoingia katika Kiswahili chetu bila kuingia (maana hatukulikopa kwa sauti, tulilikopa kwa maana tu), na madhara yake kwa uhakiki wa fasihi yetu. Mifano mingi nitaitoa nyumbani, Mbozi, Momba na Tunduma, yaani mkoa uitwao Songwe tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Sitoi huko kwa sababu ya upendeleo. Ndiko ninakojua watu wanavyosema.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Neno peasant lilifika Uingereza kutoka Kifaransa, na mzizi wake ni neno la Kilatini pagus, yaani wilaya au sehemu ya nje ya mji. Maana yake ya asili basi ni mtu wa nje ya mji, mtu wa bara, mtu wa huko. Mzizi huohuo ndio uliozaa pagan, ambalo kanisani kwetu limekuwa mpagani. Sitaki kuchezea imani ya mtu, lakini msomaji aliyelelewa katika eneo la misheni kama Mbozi hana budi kutabasamu kidogo. Mkulima na mpagani, kwa Kilatini, ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote wawili walikuwa wakiishi mbali na mji.

Farmer nalo ni la ajabu zaidi. Linatoka katika neno lenye maana ya malipo yaliyopangwa, kiasi maalumu kisichobadilika. Farmer wa kwanza hakuwa mtu wa jembe. Alikuwa mtu aliyekodi haki ya kukusanya kodi, akailipa serikali au bwana wake kiasi kilichopangwa, na kilichozidi kikawa chake. Baadaye likamhusu aliyekodi ardhi kwa malipo ya namna hiyo, na mwisho likamhusu mwenye shamba kwa jumla.

Sasa tazama. Katika maneno haya mawili, hakuna hata moja linalotaja kulima. Moja linasema mtu anaishi wapi. Jingine linasema analipa nini. Kazi yenyewe, ile ya kuinama na kuinuka, haimo katika jina.

Mkulima imo. Tena imo nzima nzima, pamoja na ile ku- ya kitenzi ambayo katika majina mengi ya watenda kazi huwa inadondoka. Tunasema msomaji, mchezaji, mwimbaji, lakini tunasema mkulima. (Ukiiondoa hiyo ku- utapata mlima, na hapo utakuwa umempandisha mtu wako cheo kupita kiasi.) Mzizi -lim- wenyewe ni mkongwe kuliko mpaka wowote tulionao. Ukivuka Tunduma ukaingia Nakonde, upande wa Zambia, Mbemba atakuambia umulimi, na huhitaji mkalimani. Lugha zetu zilipotaka kumpa jina mtu huyu zilitazama mikono yake.

Kwa hiyo anayesema "mkulima maana yake peasant" anafanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Anaondoa kazi, kisha anaweka mahali. Na mahali penyewe si pa heshima. Katika Kiingereza neno peasant limetumika kama tusi kwa karne nyingi. Shakespeare alilijua kama tusi, na mtoto wa shule ya Uingereza leo analijua kama tusi. Je, Kiswahili kina neno linalomtaja mtu kwa makazi yake ya nje ya mji, na kwa kumtaja hivyo linamdharau? Linalo, na sote tumewahi kuitwa. Neno hilo ni mshamba.

Mshamba si mwenye shamba. Anaweza asiwe na hata kitalu cha mchicha. Mshamba ni mtu anayeshangaa. Pale stendi ya Tunduma mpiga debe akimwona mzee ametoka Kamsamba na gunia lake la mchele, anatazama malori yaliyopanga foleni ya kuvuka mpaka, atamwita mshamba, na hakusudii kusema kwamba mzee yule analima. Anakusudia kusema kwamba hajui mji. Ukitaka tafsiri ya peasant yenye uzito wake wote, pamoja na uchungu wake, basi ni hii. Kiswahili kimeligawa neno moja la Kiingereza mafungu mawili: kazi kikaiweka katika mkulima, dharau kikaiweka katika mshamba. Kwangu mimi mgawanyo huo ni wa busara kubwa. Kwa bahati mbaya, tunapoandika kwa Kiingereza tunaurudisha mchanganyiko ule ambao wazee wetu wa lugha walishautenganisha.

Ushahidi upo kila mahali. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, na kwa Kiswahili ni Sikukuu ya Wakulima, haina jina jingine. Kalenda za Kiingereza kwa miaka mingi ziliiita Peasants' Day, na siku hizi nyingi zinaiita Farmers' Day. Mkulima hakubadilika, jembe lake halikubadilika, na hakuna aliyemwambia kwamba kwa Kiingereza amepandishwa cheo.

Mfano wa pili ni wa mahakamani. Ukisoma mienendo na hukumu za mahakama zetu zilizoandikwa kwa Kiingereza, utakuta shahidi ametajwa kwa umri wake, dini yake, mahali anapoishi, na kazi yake: peasant. Neno hilo limejaa humo kama pumba baada ya kukoboa. Lakini shahidi yule hakusema peasant. Alisimama kizimbani akasema kwa Kiswahili, "Mimi ni mkulima," na aliyeandika ndiye aliyetafsiri. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na bila shaka mabadiliko hayo yatamfaa mtu wa kawaida kwa mengi makubwa kuliko hili. Ila nalitaja hili dogo kwa sababu ni la kwetu, watu wa maneno. Mtu alisema kazi yake, na karatasi ikaandika tabaka lake.

Hapo tumefika kwenye kiini, yaani tabaka. Msomaji makini atakuwa ameshaanza kunung'unika: mbona unasahau siasa? Peasant katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha miaka ya 1970 halikuwa tusi hata kidogo. Lilikuwa neno la heshima, neno la mapambano, lililokaa pamoja na worker kama jembe na nyundo zinavyokaa pamoja katika bendera. Ni kweli. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka sharti kwamba kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, na katika tafsiri ya Kiingereza neno lililotumika hapo ni peasant. Siasa ya wakati ule ilitaka kulisafisha neno lililokuwa limechafuka, nayo ilijua inachokifanya. Tusisahau kwamba ni Mwalimu Nyerere huyohuyo aliyeufasiri mchezo wa Shakespeare wa mfanyabiashara wa Venisi akauita Mabepari wa Venisi (1969). Mfanyabiashara akageuka bepari. Kufasiri kulikuwa ni kutoa hukumu.

Nakubali yote hayo. Wala jitihada ile si jambo la kwetu peke yetu wala la zamani tu. Harakati za kimataifa za wakulima zilizoanzishwa mwaka 1993 zinaitwa La Via Campesina, na wanachama wanaosema Kiingereza wanalitumia jina hilo la Kihispania bila kulifasiri. MVIWATA, mtandao wetu wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka huohuo, ni mwanachama wake. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko la haki za watu hawa, na humo peasant limeandikwa wazi, likafafanuliwa kuwa ni mtu anayezalisha kwa kiwango kidogo, kwa ajili ya chakula au soko, akitegemea zaidi nguvukazi ya familia yake. Ni ufafanuzi mzuri. Lakini angalia una maneno mangapi! Ili peasant liwe na heshima, lazima lifungiwe ndani ya ufafanuzi. Nje ya ufafanuzi linarudia tabia yake.

Wahakiki wetu wa miaka ya 1970 na 1980 walilichukua neno lililofafanuliwa hivyo, wakaliandika "mkulima", na kwa kuliandika hivyo wakaamini kwamba msomaji wa Kiswahili ameupata ufafanuzi wote. Hapa ndipo penye kosa ninalolilalamikia. Mkulima wa Kiswahili hana ufafanuzi ule. Mkulima ni yeyote anayelima. Mama yangu mwenye eka mbili ni mkulima. Tajiri wa Tunduma mwenye eka mia mbili za mpunga bondeni Momba, ambaye gari lake lina thamani kuliko kijiji, naye ukimwuliza siku ya Nane Nane atakuambia ni mkulima, na wala hasemi uongo wa lugha. Kiingereza kinamtukana mmoja na kumheshimu mwingine, lakini walau kinaonyesha kwamba ni wawili. Kiswahili kinawaheshimu wote wawili, na kwa heshima hiyohiyo kinawaficha.

Tuzitazame riwaya. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi (1978) mambo ni rahisi. Fuad ana mashamba, lakini hakuna msomaji atakayemwita mkulima. Yeye ni mwinyi. Kijakazi na wenzake wanafanya kazi, yeye anakula. Lugha ya Unguja ya wakati ule ilikuwa na majina ya kutosha kuwatenga watu hawa, na mwandishi hakuhitaji msaada wa Kiingereza. Wahakiki waliosema kwamba riwaya inaonyesha mgongano wa tabaka la mabwana na tabaka la wanyonge hawakukosea. Sitakaa hapa.

Kazi ngumu ipo katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Tumaini, kijana aliyefuja mali na kuhangaika, anatulia hatimaye, anakuwa mwenye shamba kubwa na vibarua wengi. Ujamaa unakuja, mali yake inaguswa, anamwua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kifo. Je, Tumaini ni mkulima? Nimewauliza wenzangu sita. Wawili walisema ni mkulima mkubwa, wawili walisema ni bepari, mmoja akasema ni kulaki (neno la Kirusi tulilolipata kupitia vitabu vya siasa), na wa sita akaniuliza swali hili litakuja kwenye mtihani? Kama sisi wenyewe hatukubaliani tumwite nani, basi ile sentensi yetu ya kawaida, kwamba Kezilahabi anawatetea wakulima au kwamba hawatetei, haina miguu ya kusimamia. Anawatetea wakulima wapi? Tumaini na vibarua wake wote wanakula kutokana na udongo uleule.

Na jambo hili halikuwa la riwayani tu. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1971 huko Isimani, Iringa, Said Mwamwindi alimpiga risasi Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa. Mwamwindi alinyongwa. Wasomaji wengi wameona mwisho wa riwaya ile unafanana na tukio hili, nami siwezi kuwalaumu. Lakini kinachonishughulisha ni jambo jingine. Katika simulizi zinazojulikana, siku ile Mwamwindi alikuwa shambani kwake akilima kwa trekta. Yeye mwenyewe, juu ya trekta, siku ya sikukuu. Siasa ilimwona bepari wa mahindi. Kitenzi kinamwona mtu anayelima. Nani kati yao ana haki?

Nilidhani nilikuwa na jibu. Nilidhani kwamba Kiswahili, kwa kuwa hakina majina mawili kama Kiingereza, kina njia yake ya kutenga watu hawa, nayo ni mnyambuliko. Kuna kulima, kulimia, kulimiwa, kulimisha. Mama analima. Tajiri analimisha. Mzee asiyejiweza analimiwa na watoto wake. Hapo huhitaji farmer wala peasant. Sarufi yenyewe inakuambia nani ameshika mpini. Hata mimi nilipokuwa nikiandika rasimu ya makala haya niliandika kwamba walowezi wa Kizungu walilima kahawa Mbozi wakati wa ukoloni, kisha nikasimama. Walilima? Walilimisha! Nikafurahi sana, nikadhani makala imekwisha.

Nilipokwenda likizo nikaisikiliza lugha kwa makini, na furaha ikapungua.

Watu wanasema kulimisha, ndiyo, lakini wanalisema hasa juu ya mtu mwingine, tena kwa kunong'ona kidogo. "Fulani halimi, analimisha." Mwenyewe hasemi hivyo. Mfanyabiashara wa Tunduma akiongea kwenye simu utamsikia: "Mwaka huu nimelima eka hamsini." Hajalima hata tuta moja. Viatu vyake vinang'aa. Waliolima ni akina mama wa vijiji vya jirani waliolipwa kwa kipande, na vijana wenye maksai na plau waliolipwa kwa eka. Na hao je, wanasemaje? Asubuhi ukikutana na mama mmoja njiani, jembe begani, ukimwamkia shikamoo mama, unakwenda kulima? atakujibu: "Marahaba mwanangu. Hapana, nakwenda kibarua." Hakusema anakwenda kulima, ingawa ndicho atakachokifanya mpaka jua liwe kali. Kulima, kwake, ni ile saa atakaporudi aingie kwenye robo eka yake mwenyewe.

Basi ndivyo lugha ilivyo. Asiyegusa udongo anasema nimelima. Anayeugusa anasema nakwenda kibarua. Kitenzi kimehamia kwa mwenye mavuno. Niliyemdhania shahidi wangu amegeuka kuwa shahidi wa upande wa pili.

Tena kuna huyu "mkulima mdogo". Siku hizi peasant limepungua katika nyaraka za maendeleo, na mahali pake pamekaa smallholder, ambalo Kiswahili limekuwa mkulima mdogo, au mkulima mdogomdogo. Neno la Kiingereza linasema kwamba kilichokuwa kidogo ni miliki. Kiswahili kinasema kwamba mdogo ni mtu. Na mdogo kwetu ana maana zake, maana mdogo ni mdogo wa mtu fulani. Baba yangu mdogo, ambaye ana eka tatu za kahawa na umri wa miaka sitini na kitu, alikuwa kwenye mkutano ambapo bwana shamba kijana alilirudia neno hilo mara nyingi. Mwisho akanyosha mkono akauliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hapa mimi ni baba mdogo wa huyu na wa huyu, hilo nalikubali. Sasa huu ukulima mdogo, mkubwa wangu ni nani?" Mkutano ulicheka. Bwana shamba naye alicheka, akasema ni lugha ya kitaalamu tu. Swali halikujibiwa.

Upande wa pili wa mpaka hawana matatizo haya kwa sababu wameyakubali yote kwa Kiingereza. Zambia wana small-scale, emergent na commercial, kama madarasa ya shule ambayo mtu anapanda akifaulu. Serikali ya kikoloni ya Rhodesia ya Kaskazini ilikuwa hata na mpango wa "peasant farming" baada ya Vita Kuu ya Pili, ambao uliyaunganisha maneno mawili ambayo jamaa yule wa semina yetu anataka tuyatenge. Kwa mkoloni halikuwa tatizo. Farming ni kazi inayotakiwa, peasant ni Mwafrika atakayeifanya.

Kuna wenzetu wanaopendekeza kwamba tutohoe, tuseme pezanti, kama tulivyosema trekta na plau. Sikubaliani nao. Plau ilikuja na chuma chake. Mtu aliiona, akaikokotesha, akaipa jina. Pezanti litakuja na nini? Litakuja na makala zetu. Litaishi madarasani kama kulaki alivyoishi, na yule mama wa kibarua hatalisikia. Wala sikubaliani na wanaopenda maneno ya moto kama mvujajasho na kabwela kila wanapomhakiki mhusika wa kijijini. Mvujajasho ni neno zuri la jukwaani. Lakini jasho linamtoka hata mchezaji wa mpira. Halituambii jembe ni la nani.

Ninachopendekeza ni kidogo, na ni cha kiuhakiki tu. Tunapokutana na mkulima katika riwaya au tamthilia, tusimfasiri. Tumwulize. Anasema nalima au nakwenda kibarua? Akisema nimelima, nani alikuwa ameinama? Gunia likijazwa lumbesa, nani anaupoteza ule mlima wa juu? Maswali haya yanaweza kujibiwa kutoka katika matini yenyewe, kwa sababu waandishi wetu wengi ni wana wa vijijini na masikio yao yamesikia tofauti hizi hata pale ambapo kalamu za wahakiki hazikuzisikia.

Nilijaribu kuisoma upya Gamba la Nyoka kwa njia hii. Ni riwaya ya mwaka 1979, inayosimulia jinsi watu wanavyohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na jinsi wanavyokataa. Katika masomo ya sekondari tulifundishwa kwamba mgongano ni kati ya serikali na wakulima, basi. Lakini ukisoma ukiwa na maswali yale, neno wakulima linaanza kukatika vipande mikononi. Wanaohamishwa si kitu kimoja. Wapo wenye cha kupoteza na wapo wasio na kitu, na hofu zao hazilingani. Wapo wanaobaki nyuma ya waume zao wakati maamuzi yanafanywa, na hao ndio watakaolifungua shamba jipya kwa mikono yao. Wasomi vijana, Mambosasa na Mamboleo, wanaongea juu ya watu hawa kwa lugha iliyokwisha kuwaunganisha tayari, na mimi naamini kwamba sehemu kubwa ya kejeli ya Kezilahabi imo humo. Msomi anasema juu ya mkulima kwa umoja, kijiji kinajibu kwa wingi. Yule mwenzetu wa semina aliposema peasant, bwana, si unaelewa, alikuwa amekwisha kuingia ndani ya riwaya bila kujijua, akakaa kwenye kiti cha mhusika ambaye mwandishi anamcheka.

Nami nilikuwa nimekaa humo siku ile nilipoijaza fomu.

Mwaka 2022 serikali ilipoanza ruzuku ya mbolea, wakulima waliandikishwa katika daftari, na ili uandikishwe ulitaja eneo unalolima. Kwa baba mdogo ilikuwa neema. Alitaja eka zake, akaandikwa, akapata mbolea kwa bei nafuu, na sina la kulaumu hapo. Nilikuwapo siku jirani yetu mmoja, mama anayeishi kwa vibarua vya palizi kuanzia Desemba mpaka Machi, alipofika kuuliza naye. Aliulizwa ana eka ngapi. Akasema robo, tena ni ya shemeji. Akaulizwa, sasa wewe mama kazi yako ni nini?

Alifikiri kidogo. Sisi tuliokuwa tumekaa kwenye benchi tulidhani jibu ni rahisi.

"Andika nalima," akasema. Kisha akaongeza, kama anayejisahihisha: "Andika vyovyote."

Aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akaishusha, akamwambia asubiri kwanza, akamwita anayefuata.